Mtoto Anayenyonya: Aongezewe Nini, na Lini?

Mwezi huu tuzungumze juu ya vinywaji na dawa za nguvu ambazo mtoto anayenyonya huongezewa nyumbani kwa nia njema.

Wakati wa kiangazi kina mama wa upande wa Mugumu hutuambia, "Jua ni kali, mtoto ana kiu, nimempa maji kidogo." Wale wa milima ya Tarime, kwenye baridi, wamempa uji mwepesi wa ulezi apate nguvu. Bibi naye amechemsha mizizi ya mchango. Kila mmoja ametoa kidogo tu! Tuliwahi kumpokea mtoto wa miezi miwili aliyepewa vyote vitatu. Alikuwa anaharisha, utosi umebonyea, macho yameingia ndani, na mama yake alikuwa na matiti yaliyojaa maziwa. Alipona, kwa sababu aliletwa mapema.

Sehemu kubwa ya maziwa ya mama, karibu tisa katika kumi, ni maji. Mtoto anayenyonya kila anapotaka, usiku na mchana, haongezewi maji hata kwenye joto. Tumbo lake ni dogo. Likijazwa maji, ananyonya kidogo, na titi lisiponyonywa maziwa hupungua. Ndipo mama husema maziwa hayatoshi, akaongeza uji.

Mabibi hutuuliza, "Mbona zamani mlitufundisha miezi minne?" Wana haki kuuliza. Miaka ya 1990 sisi wauguzi tulifundisha miezi minne hadi sita. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani liliamua kuwa ni miezi sita kamili, nasi tukabadili. Kabla ya hapo mtoto apewe maziwa ya mama tu, pamoja na dawa iliyoandikwa na mganga wa kituo, au ORS na zinki akiharisha. Mama mwenye virusi vya UKIMWI naye hunyonyesha hivyo hivyo huku akimeza dawa zake kila siku bila kuacha.

Akitimiza miezi sita, anza na kitu kimoja, vijiko viwili au vitatu, baada ya kumnyonyesha. Subiri siku mbili tatu kabla ya kuongeza kingine. Akitoka vipele au akiharisha, utajua kimesababishwa na nini. Maji yachemshwe, na anyweshwe kwa kikombe. Chupa yenye chuchu ni ngumu kusafisha, hasa mahali ambapo maji hubebwa kichwani. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko; uji wa majimaji hushibisha bila kulisha.

Sisi ni watu wa ng'ombe, basi tuseme wazi juu ya maziwa. Maziwa mabichi huleta ugonjwa wa brusela na kifua kikuu, na kugandisha kwenye kibuyu hakuui vijidudu hivyo. Yachemshwe kwanza. Kidogo ndani ya uji ni chakula kizuri, lakini yasichukue nafasi ya titi kabla ya mwaka mmoja. Asali ya porini, hata ikichemshwa, asilambishwe kabla ya miezi 12, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga hata akashindwa kupumua. Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Togwa iliyolala mpaka ikaanza kulevya ni pombe.

Sasa sharubati za kuongeza damu, ambazo wengi hununua dukani wakiona mtoto amepauka. Kule Pemba, kwenye utafiti uliohusu watoto zaidi ya 20,000, wengine walipewa madini ya chuma kila siku bila kupimwa kwanza. Malaria ilikuwa nyingi. Mwaka 2003 ilibidi wasimamishe kuwapa, kwa kuwa waliokuwa wakiyapata walizidi wenzao kwa kuugua sana na kulazwa. Mara nayo ina malaria. Mtoto apimwe damu, atibiwe malaria, alale ndani ya chandarua, ndipo apewe dawa hiyo kwa kipimo tutakachoandika. Na vile vidonge vya damu anavyopewa mama kliniki vifungiwe mbali. Mtoto akivimeza kama pipi vinaweza kumwua.

Vitamini A ni jambo jingine. Hutolewa kliniki tangu miezi sita, kisha kila baada ya miezi sita, na sisi wenyewe humdondoshea mtoto mdomoni. Mletee kadi yake, baba pia anaweza kumleta.

Na ukija, njoo na chupa ya dawa yenyewe, au hata kipande cha mzizi, tukione. Tunajua baadhi yetu wauguzi hugombeza, ndiyo maana kina mama huficha. Tugombeze au tusigombeze, tuonyeshe, kwa sababu bila kujua alichokunywa hatuwezi kumtibu.