Kufuta Nyongo Kinshasa: Maneno ya Fedha kwa Msafiri wa Kasongo na Kabambare

Makala haya yanahusu maneno yanayomgharimu mtu fedha. Nachunguza msamiati ambao msafiri mwenye Kiswahili cha Maniema ya Kusini anauhitaji ili aende Kinshasa na kurudi kwa akiba ndogo. Dai langu ni kwamba hasara anayoipata huko hailetwi na ughali wa jiji peke yake. Sehemu yake inatokana na maneno machache ya Kilingala yanayofanana na yetu kwa sauti na kutofautiana nayo kwa maana. Madarasani tunapenda kusema kwamba lugha za Kibantu ni ndugu, na kwamba mwenye moja ataokota nyingine njiani. Kwa maji, njia, kulala na kufa, ni kweli. Kwa fedha undugu huo hausaidii, na mara nyingine unaponza.

Mji mkubwa wa ghali si jambo jipya kwa watu wa Kasongo. Kilichobadilika ni upande ulipo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mji huo ulikuwa mashariki, nao ni Unguja. Msafara ulitoka Kasongo, ukapita Kabambare, ukateremka hadi Mtowa kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, ukavuka kwenda Ujiji, kisha Tabora, mpaka Bagamoyo. Kiswahili kilitujia kwa njia hiyohiyo kikielekea bara, pamoja na watu wa Tippu Tip, na jina Kingwana lenyewe linatokana na waungwana. Safari ya namna ile haikuanza bila hesabu, na maneno ya hesabu hiyo tunayo hadi leo. Posho ilikuwa chakula cha wapagazi, mara nyingi ikitolewa kwa kitambaa ili wajinunulie wenyewe. Hongo ilikuwa ushuru aliotoza mtawala wa nchi msafara ulipopita kwake. Doti na shuka vilikuwa vipimo vya nguo, na merikani aina ya nguo iliyokubalika karibu kila mahali. Leo hongo ni rushwa. Posho iliingia migodini Katanga kama mgawo wa chakula cha wafanyakazi, na huko Tanzania imekuwa malipo ya kuhudhuria kikao, maana inayowavutia wanataaluma kuliko etimolojia yake.

Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru la Kongo chini ya Dhanis yaliiteka Kasongo, na tangu hapo uso wa nchi uligeuzwa magharibi, kuelekea mtoni. Mji wa ghali sasa ni Kinshasa, wenye watu zaidi ya milioni 10, na lugha ya soko lake ni Kilingala. Hapa ndipo historia inapoingia kwenye mfuko wa msafiri. Maneno yetu ya fedha yalitoka Bahari ya Hindi: bei, gharama, deni, faida, hasara, hesabu, nauli, soko na feza (ndivyo tunavyosema kwetu, si fedha) yote yana asili ya Kiarabu. Kilingala kilikua juu ya lugha ya wafanyabiashara Wabobangi wa Mto Kongo, kikaokota kutoka Kikongo na hata Kireno. Fedha kwa Kilingala ni mbongo, neno lililokuwa likitaja kitambaa cha nyuzi za mwale kilichotumika kama sarafu upande wa magharibi. Makuta nayo yana ukoo huohuo wa kitambaa. Kwa hiyo pande zote mbili watu walihesabu mali kwa nguo, wa mashariki kwa merikani na wa magharibi kwa mwale, lakini maneno hayakukutana. (Msomaji wa Dar es Salaam atacheka kidogo: kwake mbongo ni Mtanzania mwenzake.)

Suala hili lilinifikia kupitia mama mdogo wangu, mzaliwa wa Kabambare, anayeuza mawese sokoni Kasongo. Mume wake alifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, akafariki, na sasa dosie ya pensheni yake inamtaka mjane afike Kinshasa mwenyewe. Zamu yake ya likelemba imefika. Fedha hiyo ndiyo yote aliyonayo, na zamu nyingine ni mpaka wanachama wote wazunguke, yaani zaidi ya mwaka. Hawezi kwenda mara mbili. Anazungumza Kibangubangu na Kiswahili, na Kifaransa chake kinatosha kusoma jina na tarakimu. Aliniambia: "Wewe unasoma maluga, niandikie maneno ya soko lao." Ninayoyaeleza hapa ndiyo niliyomwandikia, pamoja na maelezo ambayo yeye hakuyahitaji.

Kuhusu njia nitasema kwa ufupi. Kutoka Kabambare hadi Kasongo ni pikipiki, na kutoka Kasongo hadi Kindu ni pikipiki au lori, kutegemea mvua. Wengine walizoea kupitia Bukavu, lakini mji huo ulitekwa na M23 Februari 2025 na njia hiyo si ya kuhesabiwa. Kutoka Kindu kuna ndege. Asiyetaka ndege anaweza kushuka Lualaba kwa boti hadi Ubundu, akapanda reli ya kilomita 125 hadi Kisangani, halafu mto tena, zaidi ya kilomita 1,700 hadi Kinshasa. Nauli ya mtoni ni ndogo, ila hapo inarudi ile hesabu ya zamani ya posho: kila siku ya kungoja bandarini inakula. Tulipoweka nauli na posho pamoja kwenye karatasi moja, tofauti kati ya ndege na mto ilipungua sana, na mama mdogo akachagua ndege. Zaidi ya nusu ya feza yake inaishia hapo. Kilichobaki ndicho kinacholindwa na maneno.

Tuanze na deni, kwa sababu ndilo la hatari zaidi. Kwa Kilingala deni ni nyongo, na kulipa ni kofuta. Kwa hiyo kofuta nyongo ni kulipa deni. Mswahili anasikia kufuta, na nyongo anaijua: ni ile chungu iliyo karibu na ini. Anayekisia maana atafikia tafsiri iliyo kinyume kabisa, kwa sababu kwetu kufuta deni ni kusamehe, kulitoa daftarini. Mwenye nyumba akisema "ofuta", anadai chake, na mgeni anayedhani amesamehewa atatabasamu na kushukuru. Jambo la kupendeza ni kwamba kufuta kwa maana yetu kuna mwenzake huko: Kilingala kina kopangusa, na sisi tuna kupangusa, na hapo undugu haukosi hata silabi.

Kuuza ni koteka. Neno hili lilimgusa mama mdogo vibaya, na sikushangaa. Kwetu kuteka ni kuchota maji kisimani, lakini pia ni kupora, kuteka nyara na kuangusha mji. Eneo la Kabambare limewahi kupitiwa na watu wenye silaha, na huko kitenzi hiki hakichekeshi. Kumwambia mjane kwamba jijini atakutana na wateki kila kona kunahitaji maelezo ya haraka: moteki, wingi wake bateki, ni mchuuzi tu kama yeye.

Kununua ni kosomba. Sisi tunasomba mizigo, matofali, kuni na mchele kutoka shambani, kidogo kidogo mpaka viishe. Hapa pana ukaribu fulani wa picha, kwa kuwa anayenunua pia anabeba, na mama mdogo alilishika neno hilo mara moja kuliko mengine yote. Sidai kwamba ukaribu huo ni wa kihistoria. Nasema tu kwamba kwa mwanafunzi mtu mzima, maana inayoweza kuchorwa inakaa kichwani kuliko jedwali la mnyambuliko.

Niruhusiwe kuchepuka, maana jambo hili hutatiza hata Waswahili kwa Waswahili. Katika Kiswahili cha Katanga, kuuza ni kununua, na kutoa bidhaa kwa fedha ni kuuzisha. Mtu wa pwani husema hayo ni makosa. Kihistoria si makosa ya kubahatisha. Mzizi wa kale wa Kibantu ulimaanisha kununua: Kiganda kina kugula kwa kununua na kuguza kwa kuuza, Kinyarwanda kina kugura na kugurisha. Kuuza kwetu ni umbo la zamani la usababishi, "kumfanya mtu anunue", ambalo wasemaji wa leo hawaoni tena usababishi ndani yake. Watu wa Katanga, wakiwa na lugha jirani zenye jozi ya aina hii, walilichukua umbo tupu kuwa kununua, wakaongeza -isha upya. Kwa mtazamo wangu mfumo wao una mantiki kuliko sanifu, ambayo imelazimika kutafuta kununua kutoka pengine. Lakini msafiri anayeandika bajeti yake na kumpa ndugu wa Lubumbashi aisome, aandike "nitatoa feza" na "nitapata feza", yaishe.

Neno la tano ni dogo na linafanya kazi kila siku. Bakisa, kwa Kilingala, ni ongeza. Sisi tuna bakisha, yaani usimalize, acha kidogo. Mnunuzi mwenye akili sokoni Kinshasa, baada ya kukubaliana bei, husema "bakisa", akimaanisha aongezewe kiganja cha maharage, ile matabisi ambayo hata sisi Kasongo tunaiita hivyohivyo (ni neno la Kireno lililotembea nchi nzima). Lakini mchuuzi naye akitazama noti mkononi mwako na kusema "bakisa", anataka uongeze fedha. Nilimfundisha mama mdogo kulitumia kabla hajatumiwa. Pamoja nalo nilimpa "ntalo boni?", yaani bei gani, na "kitisa", yaani shusha. Maneno matatu hayo yanamtosha kwa chakula, na chakula akitafute kwenye malewa, vibanda vya kando ya barabara, ambako sombe ataiita pondu.

Usafiri wa mjini una neno lake lisilo la Kilingala wala letu: demi-terrain. Dereva wa basi dogo hukata njia katikati, akashusha watu wote, akaanza upya kuelekea kulekule, na abiria hulipa mara mbili. Msafiri atakayefikia Masina na kwenda ofisi za Gombe asubuhi asihesabu nauli moja ya kwenda na moja ya kurudi. Ahesabu mbili na mbili.

Malazi ndiyo yanayookoa fedha kuliko chochote, na malazi hupatikana kwa majina ya ukoo. Mwenyeji wa mama mdogo ni binti wa binamu yake, aliyekulia Kinshasa. Watoto wa nyumba hiyo watamwita koko, yaani bibi, na binti mwenyewe wadogo zake wanamwita yaya. Kwa masikio ya pwani yaya ni mlezi wa kuajiriwa, na kumwita mwenye nyumba hivyo kungeonekana dharau. Kilingala kinampa heshima ya mkubwa wa kuzaliwa. Anayejua hilo anakaa wiki tatu bila mtu kununa.

Siwezi kuliacha jambo moja zito. Mwaka 1997 Kiswahili kiliingia Kinshasa na askari wa AFDL, wakiwemo watoto tuliowaita kadogo. Agosti 1998, vita vilipofika viungani mwa jiji, kusikika ukisema Kiswahili kuliweza kukutia katika shaka mbaya. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Hata hivyo wazee wa Kasongo bado huwaambia wasafiri wanyamaze kwenye basi. Mimi sikumwambia mama mdogo anyamaze. Nilimwambia aanze kwa "mbote", kisha aendelee kwa lugha aliyonayo. Wapo Kinshasa watu wengi wa mashariki, na salamu moja ya wenyeji humfanya msikilizaji atafute mtu wa kutafsiri badala ya kupandisha bei.

Mwisho ni saa na siku. Tiketi ya ndege imeandikwa kwa Kifaransa: 9h00. Kwa hesabu ya Waswahili hiyo ni saa tatu asubuhi, lakini kwa Kilingala ni ngonga ya libwa, saa ya tisa, na anayeambiwa "saa tisa" na mtu aliyetafsiri neno kwa neno atafika uwanjani alasiri. Aidha Kinshasa iko nyuma ya Maniema kwa saa moja. Kisha kuna lobi, ambayo ni jana na pia ni kesho. Karani akisema dosie ni lobi, inafaa kuuliza kama ni lobi oyo eleki, iliyopita, au lobi oyo ekoya, inayokuja, kwa kuwa siku moja ya ziada ni nauli nne na sahani mbili za malewa. Na kurudi nyumbani ni kozonga, neno ambalo kwetu, kuzonga, ni kusongamana na kumsumbua mtu. Mama mdogo alipolisikia alisema hilo halina haja ya kutafsiriwa, kwa jinsi uwanja wa Kindu unavyokuwa siku ya ndege. Tiketi yake ya kozonga tumeinunua pamoja na ya kwenda, ili fedha hiyo isije ikaongezwa kwenye bakisa ya mtu.