Hotuba ya Ushawishi Mbele ya Hadhira Pinzani: Maandalizi na Uwasilishaji

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Methali hii inadhihirisha kwamba jamii ilitambua mapema uwezo wa lugha wa kugeuza nia ya msikilizaji, na ndiyo sababu mlumbi alienziwa. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu huhutubia hadhira iliyokwisha kukubaliana naye, yaani wanachama wenzake. Hupigiwa makofi akadhani ameshawishi, ilhali hakuna aliyebadili msimamo. Makala haya yanajadili jinsi ya kuandaa na kuwasilisha hotuba mbele ya wasiokubaliana na msemaji. Mfano utakaotumiwa ni pendekezo kwamba masomo ya sayansi katika shule za upili nchini Kenya yafundishwe kwa Kiswahili, na hadhira ni wazazi waliokutana shuleni.

Uteuzi wa Hoja

Hoja ya ushawishi sharti iwe na upande wa pili. Kauli kama "Kiswahili kitukuzwe" haifai, kwani hakuna atakayesimama kuipinga wala atakayetenda lolote baada ya kuisikia. Pendekezo la kufundisha sayansi kwa Kiswahili, kwa upande mwingine, linaweza kukataliwa na mtu mwenye busara. Hapo ndipo ushawishi unapohitajika.

Kuielewa Hadhira

Mwanafalsafa Myunani, Aristotle, alizibainisha njia tatu za ushawishi: hulka ya msemaji, hisia za hadhira na mantiki ya hoja. Wanafunzi wengi hukimbilia mantiki wakazisahau mbili za kwanza. Mzazi anayelipinga pendekezo hili hakichukii Kiswahili. Hukitumia sokoni na katika ibada. Anachohofia ni mustakabali wa mwanawe. Anajua kwamba mitihani ya kitaifa ya sayansi hutungwa kwa Kiingereza, na kwamba vyuo vikuu na waajiri wengi hutumia lugha hiyo hiyo. Hofu yake ina msingi. Msemaji anayefungua hotuba kwa methali "Mwacha mila ni mtumwa" huwa amekwisha kumwita mzazi huyo mtumwa kabla ya kumsikiliza. Baada ya hapo, hata hoja nzito haitapenya.

Kwa hivyo, zoezi la kwanza la maandalizi ni kuiandika hoja ya mpinzani katika aya moja, kwa uaminifu kiasi kwamba mpinzani mwenyewe akiisoma atasema, "Ndivyo hasa ninavyoamini." Asiyeweza kuandika aya hiyo hajawa tayari kupanda jukwaani.

Ukusanyaji wa Ithibati

Ithibati zipimwe kabla ya kutumiwa. Mifano mitatu itafafanua jambo hili:

(a) Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara hiyo haikutaja lugha ya kufundishia. Anayedai kwamba Katiba imeamuru sayansi ifundishwe kwa Kiswahili ataumbuliwa na mzazi yeyote aliyeisoma.

(b) Nchini Tanzania, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, lakini Kiingereza kikaendelea kutumika katika shule za sekondari. Ithibati hii hukata kuwili. Ni heri msemaji aitaje mwenyewe sehemu isiyomfaa kuliko kungoja itajwe na wengine.

(c) Dai kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi linajibika. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Pingamizi lililobaki ni uhaba wa vitabu vya kiada na wa walimu walioandaliwa, na hilo likubaliwe waziwazi.

Muundo wa Hotuba

Hotuba ianze kwa jambo ambalo pande zote zinakubaliana: kila mzazi anataka mwanawe aielewe sayansi, asiikariri tu. Kisha hofu ya wazazi itajwe na kuheshimiwa. Ndipo msemaji atofautishe mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi, yaani kufundishwa Kiingereza vizuri na kufundishwa kila kitu kwa Kiingereza. Ithibati zifuate, mbili au tatu tu. Mwisho, aombe jambo ambalo hadhira ina uwezo wa kulitenda. Wazazi hawawezi kubadili sera ya taifa jioni moja. Wanaweza, hata hivyo, kukubali mwanafunzi aulize na kujibu swali kwa Kiswahili darasani bila kuadhibiwa. Ombi dogo lililokubaliwa lina faida kuliko ombi kubwa lililoshangiliwa likasahauliwa.

Uwasilishaji

Msemaji asisome hotuba neno kwa neno. Aandike vidokezo kwenye kadi ili macho yake yakutane na ya wasikilizaji. Sauti ipande na kushuka kulingana na maana, na kituo kiwekwe baada ya hoja nzito ili izame. Maneno kama "isimujamii" yaachwe chuoni. Wakati wa maswali, amsikilize muulizaji hadi mwisho, na asilolijua akiri kwamba halijui. Hulka ya msemaji hujitokeza zaidi katika majibu yake kuliko katika hotuba aliyoifanyia mazoezi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ushawishi huanzia katika kumwelewa anayepinga. Kiswahili kina watetezi wengi kumbini mwa vyuo, na changamoto iliyopo ni kuzifikisha hoja zao mahali ambapo bado hazijakubaliwa. Mwanachama atakayeweza kumshawishi mzazi mmoja mwenye shaka atakuwa amekitumikia Kiswahili kuliko anayeshangiliwa na mia moja wanaomwafiki.