Kilomita za Boksi na Kilomita za Machame

Wanachuo wenzangu, ukiingia siku hizi kwenye duka la pikipiki za umeme utatajiwa namba moja kabla ya zote: kilomita. "Hii inapiga sitini na kitu kwa chaji moja." Sawa, lakini sitini na kitu za wapi? Za kuelekea TPC kwenye tambarare ya miwa, au za kutoka mjini Moshi hadi geti la Machame ukiwa na abiria nyuma?

Swali hili limenifika nyumbani. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ni bodaboda pale njia panda ya Machame, na ameamua kuachana na petroli. Mkopo wa kikundi umeshapita. Kilichobaki ni kuchagua: pikipiki yenye betri moja ya kilowati-saa 2, au ileile yenye betri mbili, jumla kilowati-saa 4, kwa bei inayouma. Akanipigia simu: "Dogo, we si ndo msomi wetu? Nipigie hesabu, maana huyu muuzaji kila kitu kwake ni kizuri." Hesabu yenyewe ni fizikia ya sekondari tu, na najua wengi humu mna kaka au mjomba anayejiuliza hivyohivyo, kwa hiyo naileta hapa.

Kwanza lebo. Ukubwa wa betri ni volti mara ampea-saa. Betri ya volti 72 yenye ampea-saa 28 ina wati-saa 2,016, yaani kilowati-saa 2, sawa na uniti mbili za LUKU na chenji kidogo inayopotea kwenye chaja. Ukikuta wamekuandikia ampea-saa peke yake, uliza volti. Na kama ni betri ya risasi, zile nzito kama za gari, punguza matumaini, kwa sababu ukiivuta kwa nguvu mlimani haitoi yote iliyoandikwa.

Sasa safari. Kwenye tambarare, pikipiki ya aina hii tuipe wati-saa 30 kwa kila kilomita. Gawanya 2,000 kwa 30, unapata kilomita 66. Muuzaji hajadanganya. Ila mji wetu uko mita mia nane na kitu juu ya usawa wa bahari, na geti la Machame liko kama mita 1,800. Tuseme tunapanda mita 1,000 ndani ya kilomita 30. Pikipiki, dereva na abiria, jumla kilo 260. Zidisha 260 kwa 9.8 kwa 1,000, kisha gawanya kwa 3,600: wati-saa 708. Hiyo ni kazi ya kuinua mzigo tu. Mota na kontrola vinakula chao. Tukisema asilimia 80 ndiyo inayofika kwenye tairi, betri itatoa kama 885. Ongeza 900 za kusukuma upepo na kuviringisha matairi kwa kilomita zile 30. Jumla 1,785.

Betri yako ilikuwa na 2,000. Umefika getini ukiwa na wati-saa 215, na kilomita 66 za boksi zimekuwa 30 na pumzi.

Kushuka, kwa upande mwingine, ni karibu bure. Mlima unakurudishia zile 708 ulizoziweka, na tairi zinahitaji karibu kiasi hichohicho kwa kilomita 30. Nyingine utazipoteza kwenye breki, lakini nyumbani utafika. Basi kaka akaona hoja imekwisha: kupanda inatosha, kushuka bure, achukue betri moja. Nilimwambia asubiri, kwa sababu hapo tumepima ujazo wa ndoo tu, hatujaangalia bomba.

Fikiria kipande cha mlima chenye mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unapanda 8, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kuinua kilo 260 kwa kasi hiyo kunataka kama wati 1,700 kwenye tairi, kama 2,100 kutoka kwenye betri. Weka na 900 za tambarare: wati 3,000. Kwa volti 72 hizo ni ampea 42 hivi. Ndani ya betri ndogo seli zimepangwa, tuseme, mistari 10 inayobeba kwa pamoja, kwa hiyo kila seli inasukuma ampea 4.2. Betri mbili zikifanya kazi pamoja ni mistari 20, na kila seli inasukuma 2.1. Mnaojua kubeba jeneza kupanda Kibosho mnaelewa tofauti ya watu wanne na wanane.

Kila seli ina ukinzani wake wa ndani, na joto linakua kwa mraba wa mkondo. Nusu ya mkondo ni robo ya joto kwa seli. Seli zimekuwa mara mbili, kwa hiyo joto lote limepungua kwa nusu. Betri isiyochemka hudumu miaka, na kwa mtu mwenye marejesho kila wiki miaka ndiyo hela.

Halafu kuna volti kushuka, na hapa ndipo abiria anapoteremshwa. Seli 20 kwa mfululizo zikijaa ni volti 84. Zikikaribia kuisha zinabaki kama 64, na kontrola nyingi hukata karibu na 60 ili kulinda seli. Volti zikipungua, wati zilezile 3,000 zinadai ampea zaidi, sasa 47. Kama ukinzani wa betri ndogo ni omu 0.1, zinapotea volti 4.7 papo hapo: 64 inakuwa 59.3. Pikipiki inazima katikati ya mlima. Unasimama, unavuta pumzi dakika mbili, unawasha, betri "imefufuka", inaonyesha asilimia 12. Haijafufuka. Umeacha tu kuivuta. Kwa betri mbili ukinzani ni nusu, unapoteza volti 2.35, unabaki na 61.7 na unaendelea kupanda. Kiasi kilekile cha chaji, mlima uleule, mmoja amefika na mwingine anasukuma. Asubuhi za Julai, baridi inapoongeza ukinzani, pengo linazidi.

Uzito? Kilowati-saa 2 za ziada ni kama kilo 13. Kuzipandisha hadi getini kunagharimu wati-saa 44 hivi. Betri inayokuletea 2,000 na kula 44 imejilipia nauli.

Kuna chombo kimoja kinachoonyesha jambo hili bila huruma, ambacho wengi wetu tumekiona kwenye simu tu: gurudumu moja la umeme. Unasimama juu ya vikanyagio, mota iko ndani ya gurudumu, na mota hiyohiyo ndiyo inayokuzuia usianguke mbele au nyuma. Ya kina Shane Chen, Solowheel, iliyotoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilikuwa na betri ndogo sana. Leo InMotion V8 ina karibu wati-saa 500 na kilo kama 14. Veteran Sherman ina 3,200 na kilo kama 35. Pikipiki ikikosa nguvu inapunguza mwendo. Gurudumu moja likikosa nguvu, unaanguka kwa uso, sekunde hiyohiyo. Ndiyo maana waendeshaji wake hununua betri kubwa hata kama safari ni fupi. Ila jaribu kuzipandisha kilo 35 hadi ghorofa ya nne ya hosteli, utaikumbuka V8.

Chombo hicho kina funzo jingine kwa watu wa huku. Kinapoteremka, mota inakuwa jenereta na kuirudishia betri umeme. Sasa mtu analala Uru juu, anachaji usiku hadi 100, asubuhi anashuka mjini. Umeme unaorudi uende wapi? Seli ya volti 4.2 haipokei zaidi. Gurudumu litalia na kukuegemeza nyuma likidai upunguze mwendo. Pikipiki nyingi zitakata ile breki ya mota na kukuachia breki za kawaida. Anayelala mlimani aishie asilimia 85 au 90. Anayelala mjini ajaze kabisa. Kama hili halimo kwenye kitabu chako cha maelekezo, labda ni kwa sababu waandishi wake hawakulala Uru.

Wenzetu wa Kigali, mji wa vilima, wamelikabili kwa njia nyingine: Ampersand ina vituo vya kubadilisha betri, dereva hasubiri chaji. Roam ya Nairobi imeunda pikipiki yenye nafasi ya betri mbili. Moshi, kituo cha kubadilisha kingefaa kukaa chini pale njia panda, kwa sababu karibu mwinuko wote unaanza ukishaiacha barabara ya Arusha.

Kaka ameelekea kwenye betri mbili, lakini nimemtuma arudi dukani na swali moja kabla hajasaini: betri hizo zinatoa umeme kwa pamoja, au moja ikiisha ndipo inaingia nyingine? Kama ni kwa zamu, amenunua kilomita zaidi, lakini kila betri itabeba ampea 42 peke yake, na hesabu yote ya mistari 20 haimhusu. Muuzaji kamjibu, "Zote zinafanya kazi, bosi." Amerudi tena leo kuomba aonyeshwe waya.