Nusu Siku Brussels

Ndege nyingi za usiku kutoka Kigali, Entebbe na Kinshasa hutua Brussels asubuhi na mapema. Abiria wanaounganisha safari hujikunja kwenye viti vya uwanja wa Zaventem wakasinzia hadi waitwe, na mji uko mwendo wa dakika ishirini tu kwa treni. Nilifanya hivyo mara mbili na mpaka leo naumia. Ukiwa na muda usiopungua masaa saba, toka nje.

Kwanza visa. Kutoka mlangoni kwa pasipoti ya Afrika Mashariki kunataka visa ya Schengen, na mwenye pasipoti ya Kongo (DRC) hudaiwa visa ya kupitia uwanjani hata asipotoka. Jihadhari na visa ya kuingia mara moja. Ukienda Canada na kurudi kwa njia hiyohiyo, ukitoka mjini leo umeshaimaliza, na siku ya kurudi utauangalia mji kupitia kioo. Omba ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo. Hesabu pia foleni ya pasipoti, maana ndege za Afrika na Marekani hufika karibu pamoja. Ikiwa ndege yako inayofuata inakwenda nje ya Schengen, utapanga foleni nyingine wakati wa kurudi. Mimi huwa nimerudi uwanjani masaa mawili na nusu kabla ya kuruka.

Sasa treni, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kituo kiko chini ya jengo lenyewe la uwanja. Nauli ya kwenda au kutoka uwanjani ina nyongeza iitwayo Diabolo, inayozidi yuro 6, na inayemtafuna ni msafiri asiyejua. Rafiki alinipa tiketi yake ya safari kumi, halali kabisa kwa treni za nchi nzima. Nikapanda mjini bila wasiwasi, nikafika uwanjani, mageti yakakataa kufunguka. Nyongeza haikuwamo. Nilisimama pale na begi langu, nyuma yangu watu wanalalama, dakika zinakwenda, hadi nilipopata wa kunisaidia kulipia. Ndege niliiwahi kwa kukimbia. Nunua kwenye mashine tiketi iliyoandikwa jina la uwanja, na usiitupe hadi umevuka geti la mwisho.

Wanaokufuata kwenye ukumbi wa wanaowasili wakinong'ona bei ya teksi, wapite kama huwaoni. Mmoja alinitoza yuro 90. Teksi halali zimepangwa foleni nje na zina mita.

Kwenye treni, shuka kituo cha Central. Usishuke Midi, ambako wezi wa mifukoni wamejaa na hakuna cha kukupeleka asubuhi hiyo. Vibao vya mji huu vina lugha mbili, hivyo usishangae Midi ikiitwa Zuid.

Kutoka Central hadi uwanja wa Grand-Place ni dakika tano kwa miguu. Saa moja asubuhi utaukuta mtupu, mawe yamelowa, dhahabu ya nyumba za vyama vya mafundi ndiyo kwanza inapata mwanga. Mwaka 1695 mizinga ya Louis wa 14 wa Ufaransa iliuteketeza karibu wote; mnara wa jumba la manispaa, wenye mita 96, ukabaki umesimama. Wenyeji walijenga upya kwa miaka michache tu. Kaa hapo nusu saa bila kupiga picha.

Manneken Pis achana naye. Ni kitoto cha shaba kinachokojoa, hakifiki hata futi mbili, na kilichopo pembeni mwa barabara ni nakala. Chenyewe kimo ndani ya jumba la makumbusho hapo Grand-Place. Maduka yanayokizunguka huuza andazi la wafo lililofunikwa krimu na matunda. Tafuta wafo ya Liège, yenye chembe za sukari ndani, uile kavu na ya moto. Jengo la Atomium nalo liko mbali. Isitoshe, sisahau kwamba kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1958, ambayo lilijengwa kwa ajili yake, Wakongo waliwekwa kijijini nyuma ya ua ili watazamwe.

Badala yake, panda ngazi za Mont des Arts, geuka uutazame mnara kutoka juu, kisha pita mbele ya kasri la mfalme hadi Place du Trône. Hapo mfalme Leopold wa Pili amekaa juu ya farasi. Sogea usome maandishi kwenye jiwe: shaba na bati ya sanamu hiyo vilitoka Kongo, vikatolewa bure na kampuni ya madini ya Katanga. Tembea dakika chache tu kuelekea Porte de Namur, utafika uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba, uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Hauna sanamu. Sijui matembezi mengine Ulaya yanayosema mengi hivyo kwa umbali mfupi hivyo, na hayana kiingilio.

Nyuma ya uwanja huo ndiko Matonge, mtaa uliochukua jina lake Kinshasa. Usifike kabla ya saa nne asubuhi. Utakuta vyuma vimeshushwa. Baada ya hapo ni vitenge, saluni, makayabu (samaki wa chumvi) yaliyorundikwa, na Kilingala kila upande. Ukitega sikio utakisikia Kiswahili cha Goma na Bukavu. Salimia kwanza, ndipo uulize sombe (kisamvu) na makemba (ndizi) vinapikwa wapi leo. Mimi nilielekezwa na mama mmoja muuza vitambaa, akaacha duka akanisindikiza hadi mlangoni.

Wakati wa kurudi usihangaike kushuka tena Central. Kituo cha Luxembourg kiko karibu na Matonge, na siku za kazi kuna treni zinazokwenda moja kwa moja uwanjani. Chokoleti utanunua hukohuko Zaventem.