Mahakama Kongwe za Bukoba na Muleba: Mwongozo kwa Wanaoishi Nazo

Kijitabu hiki ni cha watu wanaoliona jengo kongwe la mahakama kila siku: hakimu, karani, mtendaji wa kata, diwani, fundi mwashi anayeitwa kuziba nyufa, na mzee anayekumbuka nani aliketi benchi lipi siku ya kesi ya kibanja cha ukoo wake. Hakikuandikwa kwa wataalamu wa mambo ya kale. Hao wanajua la kufanya. Tatizo ni kwamba mara nyingi hufika mabati yamekwisha kuezuliwa.

Miaka ya karibuni Mahakama ya Tanzania imejenga majengo mapya katika wilaya nyingi nchini. Hilo ni jambo la heri. Hakimu anapata chumba chake, mashahidi wanapata pa kujikinga na mvua, na majalada yanapata kabati lisilo na mchwa. Ila siku samani zinapopakiwa kwenye lori kuhamia jengo jipya, ndiyo siku ya hatari kuliko zote kwa jengo la zamani. Nyumba yenye watu ikivuja, mtu hulalamika na bati hupigwa msumari. Nyumba iliyohamwa haina wa kulalamika. Kwanza hupotea vitasa, kisha milango, kisha bati mbili tatu za ukingoni, na kwa mvua za Bukoba, ambazo hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, ukuta wa tofali usio na paa hauvuki misimu mingi. Kisha husemwa kuwa jengo ni bovu na ni la kubomolewa. Ubovu huo uliletwa na kufuli lililotiwa mlangoni bila kumwachia mtu kazi ya kuliangalia.

Haki ilipita wapi

Emin Pasha alifika Bukoba Novemba 1890 na kuanzisha kituo cha Wajerumani. Boma lilikuwa ofisi, kambi ya askari na mahali pa kusikilizia mashauri, yote kwa pamoja. Hata hivyo Wajerumani hawakuwaondoa wafalme wa Buhaya. Bukoba ilitawaliwa kupitia kwao, kama ilivyokuwa Rwanda na Burundi, na omukama, yaani mfalme, aliendelea kuamua kesi za watu wake kwenye ekikale, jumba lake la kifalme. Ngome yenyewe haikudumu. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa, wakaushambulia mji, wakaiharibu ngome pamoja na mtambo wa mawasiliano ya redio. Anayetafuta leo nyumba ya kwanza ya sheria mjini Bukoba anatafuta kitu ambacho vita vilikwisha kukichukua. Mabaki ya enzi hiyo ni machache. Duka Kubwa na makaburi ya Wajerumani karibu na ufukwe ndiyo yanayojulikana zaidi.

Mahakama nyingi kongwe za vijijini zina asili katika kipindi kilichofuata. Waingereza walitunga Sheria ya Mamlaka za Wenyeji mwaka 1926, kisha Sheria ya Mahakama za Wenyeji mwaka 1929. Katika Buhaya mpangilio huo uliingia kwenye ngazi zilizokuwapo: mkungu kijijini, gombolola juu yake, kisha lukiko, yaani baraza la mfalme. Rufaa haikwenda Mahakama Kuu. Ilipanda kwa maofisa wa utawala, kutoka wilaya hadi jimbo, na mwisho kwa Gavana. Yaani aliyekusanya kodi ndiye aliyesikiliza malalamiko juu ya hukumu. Wazee waliokata rufaa enzi hizo walilijua hilo bila kusoma kitabu chochote.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na mwaka huohuo Sheria ya Mahakama za Mahakimu ikaunganisha mahakama za wenyeji na zile za serikali kuwa mfumo mmoja. Sehemu nyingi, chumba kilichokuwa cha gombolola kikawa mahakama ya mwanzo bila hata benchi kuhamishwa. Ndiyo maana jengo dogo la tofali na mabati kando ya barabara linaweza kuwa limebeba tawala tatu, ingawa kwa nje linafanana na ghala la kahawa.

Kesi iliyoanzia Kashasha

Anayeuliza kwa nini jengo la mahakama ya mwanzo lihifadhiwe na si kanisa au jumba la mfalme, tumjibu kwa mfano wa Muleba. Agosti 1988 mwanamke mmoja mzee aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia, kwa shilingi 300,000. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Kesho yake mpwa wake akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai kuwa kwa mila za Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ilimkubalia. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikautengua uamuzi huo. Mpwa akapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo ilipingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mwanamke anaweza kuuza ardhi kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume.

Kesi hiyo, Ephrahim dhidi ya Pastory, inafundishwa leo katika vyuo vya sheria ndani na nje ya Afrika. Jina la Kashasha huko duniani linajulikana zaidi kwa ugonjwa wa kicheko ulioanzia katika shule ya wasichana Januari 1962, jambo linalochekesha kidogo na kusikitisha kidogo, kwa sababu kilichoamuliwa kutokana na shamba lile kimegusa watu wengi zaidi. Kanisa linasimulia imani, na ekikale kinasimulia ufalme. Chumba cha mahakama ya mwanzo kinasimulia watu wa kawaida walivyogombana juu ya kibanja, mahari, urithi na mpaka wa migomba, na jinsi walivyopatana. Kwa Kagera, ambako mfumo wa umwinyi wa ardhi uitwao nyarubanja ulifutwa kwa sheria mwaka 1965 lakini mashauri ya ardhi hayakwisha, hiyo ndiyo historia yenyewe.

Sheria inalinda nini, na isicholinda

Hapa watu wengi hudanganyika. Hudhani kwamba jengo likiwa kuukuu, serikali inalilinda lenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Hakuna mahakama ya tofali Bukoba wala Muleba yenye umri huo. Jengo la baada ya hapo hupata ulinzi pale tu Waziri anayehusika na malikale anapolitangaza katika Gazeti la Serikali. Bila tangazo, nyumba ya gombolola ya mwaka 1930 na banda la jana ni sawa mbele ya sheria hiyo.

Hivyo hatua ya kwanza ni barua, kabla ya saruji. Iandikwe na serikali ya kijiji au kata, ipitie kwa afisa utamaduni wa halmashauri, iende Idara ya Mambo ya Kale. Ieleze jengo liko wapi, lilijengwa lini kama inajulikana, lilitumika kwa nini, na liko katika hali gani sasa. Ambatanisha picha za pande zote nne na za ndani. Wakati jibu linasubiriwa, halmashauri inaweza kutumia uwezo wake wa kutunga sheria ndogo kulinda majengo ya historia ya eneo lake. Njia hii haitumiki sana, na kwa maoni yetu ndiyo iliyo karibu zaidi na mwananchi.

Kabla ya ukarabati wowote, ujulikane mwenye jengo. Swali hili limekwamisha mengi. Nyumba za mamlaka za wenyeji zilipita mikononi mwa halmashauri za wilaya. Halmashauri zikavunjwa mwaka 1972 wakati wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa miaka ya 1980. Na Mahakama nayo ni mhimili wenye mali zake. Usishangae kukuta kiwanja kina hati ya mmoja na jengo liko kwenye orodha ya mali ya mwingine. Kaa na karani wa mahakama na afisa ardhi wa wilaya mezani pamoja, mlimalize kwa maandishi. Fundi asiguse kitu kabla ya hapo.

Kuta, paa na maji

Adui wa kwanza ni maji, na maji huanzia juu. Paa likiwa zima, mengine yote yanaweza kusubiri. Angalia bati za ukingo na zile za kofia ya paa, maana ndizo hutangulia kuoza. Mifereji ya bati isafishwe majani kabla ya mvua za vuli na za masika. Mahali palipo na mfereji uliokatika utaona ukutani mstari wa kijani wa ukungu. Ufuate huo mstari hadi juu, utakuonyesha tundu.

Kisha shuka chini. Miaka mingi ya kufagia na kumwaga udongo hupandisha ardhi ya nje hadi ikawa juu ya sakafu ya ndani, na ukuta ukaanza kunywa maji kutoka pembeni. Kuchimba mfereji kuuzunguka msingi na kuupa mteremko ni kazi ya jembe, na huenda ikawa tiba kubwa kuliko yote.

Sasa suala la saruji, ambalo tungependa mafundi walisome mara mbili. Kuta za zamani zilijengwa kwa tofali za kuchoma au kwa mawe, zikiunganishwa kwa udongo au chokaa. Kwaruza kiungo kwa msumari: kikimomonyoka kirahisi, hapo hapana saruji. Ukuta wa aina hiyo hupumua. Unyevu huingia na kutoka kupitia viungo laini. Ukiupiga plasta ya saruji ngumu, au rangi ya mafuta ile inayong'aa hadi usawa wa kiuno, unyevu hukosa pa kutokea, hujikusanya nyuma ya plasta, na tofali huanza kuoza ndani huku nje pakionekana papya. Baada ya miaka michache plasta huanguka vipande vipande na uso wa tofali. Kiungo cha chokaa kizibwe kwa chokaa na mchanga, cha udongo kwa udongo, na ukuta upakwe chokaa. Ni rahisi kwa bei, ila inahitaji fundi mvumilivu, kwa kuwa chokaa hukauka polepole.

Milango na madirisha ya mbao za kale yasing'olewe ili kupisha alumini. Mbao iliyooza chini hukatwa sehemu hiyo tu, ikaungwa mpya. Hivyo hivyo kizimba, meza ya hakimu na mabenchi ya wazee wa baraza: ni sehemu ya jengo, na ndivyo vinavyoibwa kwanza.

Baada ya tetemeko

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu wasiopungua 16 walifariki, maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Nyumba za tofali zilizounganishwa kwa udongo, zisizo na lenta inayofunga kuta juu, zilifunguka pembeni.

Nyufa za siku ile bado zipo kwenye majengo mengi, na watu wamezizoea. Usizizibe kabla ya kujua kama zinakua. Bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta kidogo pande zote mbili, andika tarehe pembeni. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea, na hapo aitwe mhandisi. Watu watoke ndani kwanza. Kisipovunjika kwa mwaka mzima, ufa unaweza kujazwa, na pembe za jengo zikafungwa kwa vyuma vya kuvuka kutoka ukuta hadi ukuta usawa wa paa.

Wakati wa matengenezo ndipo jengo dhaifu huweza kuua. Jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 huku likikarabatiwa, na watu wawili walipoteza maisha. Kuta zitegemezwe kwa nguzo kabla ya kugusa chochote kinachobeba uzito.

Makaratasi

Rejesta za kesi zikibaki kwenye chumba kinachovuja, hazina ya jengo imekwisha hata kama kuta zimesimama. Mashauri ya mahakama hizi yaliandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili, kwa mkono wa makarani ambao hati zao zilikuwa nzuri kuliko zetu. Kumbukumbu za umma zinasimamiwa na Sheria ya mwaka 2002, na mwenye dhamana ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mtu asizichome kwa sababu ya kusafisha stoo. Asizipeleke nyumbani kwake pia, hata kwa nia njema. Ziinuliwe kutoka sakafuni, zifunikwe, ziorodheshwe kwa mwaka, kisha idara hiyo iandikiwe. Majina ya watu waliomo, hasa katika kesi za ndoa na watoto, yasisomwe hadharani; wajukuu wao wako kijijini bado.

Jengo litumike kwa nini

Mombasa, jengo la mahakama lililojengwa mwaka 1902 jirani na Fort Jesus halikubomolewa mahakama ilipohama. Lilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na kumbi zake zimetumika kwa maonyesho. Zanzibar wamefanya tofauti: Mahakama Kuu ya Vuga, iliyochorwa na John Sinclair mwanzoni mwa karne ya 20, iliendelea kuwa mahakama. Katika jimbo la Texas, Marekani, serikali ilianzisha mwaka 1999 mpango wa kuzisaidia wilaya kukarabati mahakama zao kongwe, na nyingi kati ya hizo zimerudi kusikiliza kesi.

Kwa Bukoba na Muleba matumizi yanayofaa ni yale yanayofungua mlango kila siku: baraza la ardhi la kata, dawati la msaada wa kisheria, maktaba ndogo, ofisi ya ushirika wa kahawa. Chumba kimoja chenye picha na benchi la zamani kinatosha kuwa makumbusho. Jumba zima la makumbusho lisilo na bajeti ya mlinzi litafungwa mapema. Vyovyote iwavyo, mkataba wa matumizi uandikwe kabla funguo hazijakabidhiwa, utaje nani anasafisha mifereji, nani analipia bati likitoboka, na kwamba hakuna ukuta wala dirisha litakaloondolewa bila ridhaa ya maandishi ya mwenye jengo. Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kata.