MPINI WA KAMERA: PIMA KABLA YA KUKAZA



Katika somo hili tutajifunza kutengeneza mpini wa mbao wa kushikia kamera. Huenda ukasema, "Mimi ni mkulima, kamera ya nini?" Subiri kidogo. Katika vijiji vingi yupo kijana au mama mwenye kamera ndogo. Huyo ndiye atupigaye picha za harusi, za ubatizo, za maulidi, na zile picha ndogo za pasipoti zinazobandikwa kwenye fomu. Kamera yake ni jembe lake. Ikianguka, shamba lake limekwisha.

Tena hesabu ya somo hili si ya mpiga picha peke yake. Itamfaa kila mtu anayenunua bolti dukani.

KOSA LETU WENYEWE

Kwanza tueleze kosa letu. Tulikwenda kijiji kimoja kuangalia darasa la kisomo. Mama mmoja, mhitimu wa darasa hilo, alikuwa mpiga picha. Alilalamika kwamba picha za ndani ya nyumba zinatoka na ukungu, na wateja wanakataa kulipa. Tukamwambia, "Usihofu mama, tutakutengenezea mpini." Tukaranda mbao, tukatoboa tundu. Halafu tukachukua bolti kwenye kopo la fundi baiskeli. Kwa macho ilikuwa sawasawa kabisa.

Bolti iliingia mizunguko miwili, ikakaza. Yule mama akauliza, "Mwalimu, mbona inakataa?" Tukajibu, "Ni mpya tu, itazoea." Tukaongeza nguvu kwa spana. Pakalia ka! Meno ya ndani ya kamera yakasagika.

Tulilipa gharama ya kuitengeneza mjini, lakini kwa majuma matatu mama hakuwa na kazi. Siku tuliporudisha kamera alisema neno moja tu: "Mwalimu, siku ile rula ilikuwa mfukoni mwako."

Ni kweli. Tulikuwa tumefundisha kupima asubuhi, na mchana hatukupima. Basi tunaandika somo hili ili kosa lile lisirudiwe.

KWA NINI PICHA INATOKA NA UKUNGU?

Ndani ya kamera kuna kilango kidogo. Ukibonyeza kitufe, kilango hufunguka, mwanga huingia, kisha hufungwa. Juani, kilango hufunguka kwa muda mfupi sana, kama sehemu 1 ya 250 ya sekunde. Ndani ya nyumba mwanga ni haba. Hapo kilango hukaa wazi zaidi, kama sehemu 1 ya 30 ya sekunde.

Hebu tufikiri. Kipi kirefu zaidi, 1/250 au 1/30? Wengi husema 1/250, kwa sababu 250 ni kubwa. Sivyo. Mkate mmoja ukigawiwa watu 30, kila mtu atapata kipande. Ukigawiwa watu 250, kila mtu atapata chembe tu. Basi 1/30 ni muda mrefu zaidi. Katika muda huo mkono ukitetemeka, picha nayo inatetemeka.

Kamera ndogo hushikwa kwa ncha za vidole. Mpini huipa kiganja kizima mahali pa kushika, na mikono miwili hukaa mbalimbali, kama mtu anayebeba sinia la chakula. Hapo kamera hutulia. Lakini kumbuka: mpini hutuliza mkono wako, hautulizi mtoto anayerukaruka mbele yako!

VIFAA

- Kipande cha mbao ngumu iliyokauka, urefu sentimita 22, upana sentimita 5, unene sentimita 1 na nusu. Hiki ni kitako.
- Kipande kingine, urefu sentimita 14, upana sentimita 4 na unene sentimita 4. Huu ni mpini.
- Bolti 1 ya robo inchi, urefu inchi 1, na washa 3.
- Kipande cha tyubu ya baiskeli na gundi ya kuzibia pancha.
- Gundi ya mbao, msasa, na nta ya nyuki au vanishi.
- Msumeno, patasi, nyundo, tupa, keke na rula.

Mninga unafaa sana. Ni imara, unachongeka vizuri, na hautanuki wala kusinyaa ovyo. Mvule na mtiki pia hufaa. Mpingo ni mgumu mno na ni mzito, utakuchosha mkono. Mbao laini kama msonobari hubonyea chini ya bolti. Usikate mti kwa ajili ya kazi hii. Nenda kwa seremala, umwombe vipande vilivyobaki. Wakati wa kupiga msasa funga kitambaa puani na mdomoni, kwa maana vumbi la mbao hudhuru kifua.

BOLTI NDIYO ROHO YA KAZI

Chini ya kamera nyingi kuna tundu lenye meno. Tundu hilo ni la robo inchi, na bolti yake ina meno 20 katika kila inchi. Ilikuwa hivyo kwa kamera za filamu za zamani, na ni hivyo kwa kamera za leo. Baadhi ya kamera kubwa zina tundu pana zaidi. Hizo si za somo hili.

Sasa, dukani kuna bolti nyingine inayofanana nayo sana. Ni ile ya milimita 6. Robo inchi ni milimita 6 na theluthi hivi. Tofauti ya unene ni ndogo, jicho haliioni. Lakini meno ya ile ya milimita 6 yamesongamana zaidi: kila jino huchukua milimita 1, kwa hiyo katika inchi moja mna meno kama 25. Hiyo ndiyo iliyotuponza sisi.

Fanya hivi. Laza bolti kando ya rula. Hesabu meno katika nusu inchi, yaani milimita 12 na nusu hivi. Ukipata 10, ndiyo yenyewe. Ukipata 12 au 13, irudishe. Muuza duka akikuambia "zote ni moja," msikilize kwa adabu, kisha uhesabu. Tena bolti ikiingia vizuri spana namba 10, itilie shaka, maana hiyo ndiyo spana ya kawaida ya bolti ya milimita 6.

Jambo la pili ni urefu. Bolti ikiwa ndefu mno, itagonga mwisho wa tundu na kuharibu kamera. Chukua njiti ya kiberiti, iingize taratibu katika tundu la kamera hadi iguse mwisho. Weka alama kwa ukucha, kisha pima njiti kwa rula. Bolti ichomoze juu ya kitako pungufu ya kipimo hicho kwa milimita 1. Kwa kamera nyingi, kuchomoza milimita 4 hadi 5 kunatosha. Hata njiti ikizama zaidi, usipite 5.

HATUA ZA KAZI

Hatua ya 1. Pima upana wa kamera yako. Tuseme ni sentimita 12. Ongeza sentimita 4 za nafasi ya vidole, sentimita 4 za mpini, na sentimita 2 za mwisho wa kitako. 12 + 4 + 4 + 2 = 22. Kamera yako ikiwa na upana wa 10, kitako kitakuwa na urefu gani? Fanya hesabu mwenyewe. Ukate kitako ili nyuzi za mbao zifuate urefu wake.

Hatua ya 2. Chonga mpini. Nyuzi za mbao zifuate urefu wa mpini, kama mpini wa jembe. Mbao yenye fundo usiitumie. Katika ncha moja chonga ulimi wenye urefu wa sentimita 2, na unene wa sentimita 2 kwa 2. Sehemu ya kushika itabaki sentimita 12.

Hatua ya 3. Toboa tundu la ulimi katika kitako, sentimita 2 kwa 2. Katikati ya tundu iwe sentimita 4 kutoka mwisho wa kushoto wa kitako. Toboa kwanza kwa keke, kisha maliza kwa patasi. Chonga kutoka pande zote mbili ili mbao isichanike. Ulimi uingie kwa kubana, usiingie kwa kulazimishwa.

Hatua ya 4. Kabla ya kuunga, zungusha umbo la mpini kwa tupa na msasa. Ushike mara kwa mara ukiwa umefumba macho. Mahali panapoumiza, ondoa kidogo. Usifuate mkono wa mtu mwingine. Mkono wako ndio utakaofanya kazi.

Hatua ya 5. Kata ufa katika ulimi kwa msumeno, kina sentimita 1. Paka gundi, ingiza ulimi kutoka juu ya kitako, kisha pigilia kabari nyembamba kutoka chini, kama tufanyavyo kwenye mpini wa shoka. Angalia sana: ufa uelekee upana wa kitako, usielekee urefu wake. Ukielekea urefu, kabari itapasua kitako. Iache gundi ikauke hadi kesho yake, halafu kata ulimi uliozidi.

Hatua ya 6. Kata karatasi yenye ukubwa wa chini ya kamera. Ibandike chini ya kamera, na utoboe kwa penseli mahali penye tundu. Upande wa karatasi unaogusa kamera andika JUU. Upande wa lenzi andika MBELE. Usipoandika utaigeuza karatasi, na tundu litakuwa upande usio wake. Laza karatasi juu ya kitako, neno JUU likikutazama. Ukiwa umeshika kamera tayari kupiga picha, mpini uwe mkono wa kushoto. Tia alama, kisha toboa kwa biti ya milimita 7. Weka kipande cha mbao chakavu chini ya kitako ili kisipasuke.

Hatua ya 7. Piga msasa kitako chote. Bandika tyubu ya baiskeli mahali pa kamera. Itazuia kamera isiteleze wala kuchubuka. Paka nta au vanishi kwenye mbao, usipake kwenye mpira. Mafuta ya kula usipake, yatanata na kunuka.

Hatua ya 8. Hesabu urefu wa bolti. Inchi 1 ni milimita 25.4. Kitako ni milimita 15. Tyubu ni kama milimita 1. Washa moja ni kama milimita 1.5. Jumla ni 17.5. Basi 25.4 − 17.5 = 7.9. Kumbe bolti itachomoza milimita 7.9! Ni nyingi mno. Ongeza washa mbili, yaani milimita 3. Sasa itachomoza 4.9. Hapo ni sawa, ikiwa njiti yako ilionyesha angalau 6. Ikiwa ilionyesha pungufu, ongeza washa nyingine. Washa na tyubu yako pia zipime, usichukue tu vipimo vyetu.

JARIBU KABLA YA KUTUMIA

Usiijaribu kwa kamera. Tia mchanga kilo 2 katika mfuko, uufunge kwenye kitako karibu na tundu la bolti. Inua kwa mpini, tikisa, tembea nayo hatua mia. Kiungo kikilegea, rudia kazi. Kisilegee, mpini umefaulu.

Sasa funga kamera. Zungusha bolti kwa vidole tu. Meno yakikubaliana, itaingia laini hadi mwisho. Ikikataa, ACHA. Itoe, uangalie tena. Spana itumike mwishoni kabisa, kwa kukaza kidogo tu. Kamba ya kamera ibaki shingoni wakati wote. Mpini haukuondolei wajibu wa kamba. Na kwa kuwa kamera nyingi zina mlango wa betri chini, chaji betri kabla ya kuifunga.

Kila mwezi angalia bolti na kiungo. Mvua ikiulowesha mpini, ukaushe kivulini, usiuanike juani.

Yule mama sasa anao mpini. Bolti yake aliihesabu mwenyewe, mara mbili, mbele yetu. Hatukukasirika. Mwanafunzi anayemkagua mwalimu wake ndiye aliyeelewa somo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kabari: kipande chembamba cha mbao cha kubania kiungo.
Keke: chombo cha kutobolea mbao.
Kitako: sehemu ya chini inayobeba kitu.
Ulimi: ncha ya mbao iliyochongwa ili iingie katika tundu.
Washa: duara la bati lenye tundu, huwekwa chini ya kichwa cha bolti.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tulisema 1/30 ni kubwa kuliko 1/250? Eleza kwa mfano wako.
2. Bolti ina meno 5 katika robo inchi. Je, inafaa kamera?
3. Kitako cha ndugu mmoja kina unene wa milimita 18. Ana washa 1 na tyubu kama zetu. Bolti ya inchi 1 itachomoza milimita ngapi?
4. Taja kazi nyingine kijijini kwenu ambayo huharibika kwa sababu watu hukisia badala ya kupima.
5. Mtaalamu akikosea mbele yenu, mfanyeje ili kazi isiharibike na heshima isivunjike?

Someni swali la 5 kwa pamoja, wala msilipite haraka.