Bei Isifichwe, Salamu Zijibiwe: Maswali ya Waandishi Kuhusu Kurasa za Mitandaoni

Siku hizi nikimaliza semina ya waandishi chipukizi, maswali yanayonifuata hadi mlangoni hayahusu tena wahusika wala msuko. Yanahusu simu: nifungue ukurasa wapi, niweke nini, nitauzaje. Mimi ni mhariri wa miswada, na vitabu vyangu vitatu nimeviuza mwenyewe, nakala moja moja, kwa hiyo ninayosema hapa nimeyapitia. Nimechagua maswali manane kati ya yanayoulizwa zaidi.

Shikamoo mwalimu. Nimechapisha riwaya yangu ya kwanza, nakala 500, na maboksi yamejaa chumbani. Naambiwa nifungue akaunti Facebook, Instagram, TikTok, X na YouTube. Nianze na ipi? (Morogoro)

Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Usifungue zote. Mtu mwenye kazi ya mchana na riwaya ya pili kichwani hawezi kuhudumia kurasa tano. Baada ya miezi miwili nne zitakuwa magofu, na msomaji akikuta posti yako ya mwisho ni ya mwaka juzi, atadhani umeacha kuandika. Chukua WhatsApp na mtandao mmoja wa wazi, ule ambamo wasomaji wa aina yako tayari wamekaa.

Kwa riwaya za mapenzi na upelelezi ningekupeleka Facebook, kwa sababu huko watu bado husoma maandishi marefu bila kuchoka. Instagram inaishi kwa picha. Maelezo ya picha yana kikomo cha herufi 2,200, na kiungo ukikiandika humo hakibonyezeki. Mahali pake ni kwenye wasifu. X inawafaa zaidi waandishi wa makala na insha. TikTok inadai uso na sauti yako karibu kila siku. Kama moyo wako haupo huko, iache bila kujilaumu.

WhatsApp naipa uzito kwa sababu ndiko mauzo yanakokamilika. Mtu anaona jalada Facebook, anakuja kuuliza, analipa kwa M-Pesa au Lipa Namba, anakutajia stendi. Kitabu kinapanda basi asubuhi, jioni kiko Dodoma au Iringa. Weka WhatsApp Business, ambayo ni ya bure, kwenye laini tofauti na ile ya familia. Ina katalogi ya kuonyesha vitabu na bei, na inaweza kutoa salamu yenyewe wakati wewe uko kazini. Kuna pia orodha ya matangazo, inayokuwezesha kutuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256, kila mmoja akaupata kama ameandikiwa peke yake. Lakini ujumbe huo unamfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo kila anayenunua kitabu mwombe papo hapo: “Naomba uhifadhi namba hii, kitabu kijacho nitakujulisha.” Wengi hulisahau ombi hili dogo, kisha wanashangaa matangazo yao hayajibiwi.

Na tafadhali, andika bei hadharani. Mambo ya “bei njoo inboksi” yanamkimbiza msomaji. Anahisi atapimwa mfuko kwanza. Andika bei ya kitabu, gharama ya kutuma, na siku unazotuma.

Kila siku naweka picha ya jalada na maneno “Jipatie nakala yako”, watu wanapita tu. Niweke nini? (Tanga)

Hapa ndipo waandishi wengi tunapokosea, na nimewahi kulifanya kosa hilohilo kwa mwaka mzima. Tunauchukulia ukurasa kama meza ya machinga, kumbe ni baraza. Barazani mtu hafiki na kuanza kunadi. Anatoa salamu, anakaa, anasikiliza, anachangia mazungumzo, na bidhaa yake inakuja kuulizwa na wenyewe.

Hili si jambo jipya katika fasihi yetu. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, na kurasa zake za mashairi ziliwakutanisha watunzi ambao pengine hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Mmoja anauliza kwa beti, mwingine anamjibu, wa tatu anakosoa vina. Shaaban Robert ni miongoni mwa waliopitia kurasa hizo. Jina la mtunzi lilikua kwa kujibizana na wenzake, na sioni kwa nini leo liwe vinginevyo.

Nikupe mfano wangu. Nilipokuwa naandika hadithi inayopita katika soko la samaki la Feri, niliuliza ukurasani jinsi mnada unavyoendeshwa pale alfajiri, nani anataja bei ya kwanza, na mnunuzi anakubali kwa neno gani au kwa ishara gani. Majibu yalikuja mengi, wengine wakabishana wao kwa wao hadi usiku. Matatu kati ya hayo niliyatumia kitabuni. Kitabu kilipotoka, waliojibu walikuwa wa kwanza kununua, kwa sababu walijua mchango wao umo ndani.

Kwa hiyo zungumzia unachokitafiti. Weka aya moja uliyoihangaikia na ueleze kwa nini ulifuta ile ya kwanza. Uliza maana ya neno linalotumika Tanga na halisikiki Mbeya. Sifu kitabu cha mwandishi mwingine, kwa dhati, ukitaja kinapopatikana. Msomaji akijipiga picha na kitabu chako, mshukuru, na umwombe ruhusa kabla hujaiweka kwako. Tangazo la kuuza mimi hulitoa mara moja kwa wiki, si zaidi.

Jibu maoni pia. Mtu aliyeandika sentensi nne kuhusu mhusika wako amekupa dakika tano za maisha yake. Usimrudishie kidole gumba tu. Akikosoa, mshukuru na umjibu mara moja kwa adabu, kisha muache. Sijaona mwandishi aliyepata msomaji kwa kumshinda mkosoaji.

Assalaam alaikum. Mimi mtu mzima, natunga tangu ujana wangu. Wajukuu wamenifungulia ukurasa, lakini mashairi yangu hayasomwi. Kosa liko wapi? (Wete, Pemba)

Waalaikum salaam mzee wangu, na shikamoo. Kosa haliko katika mashairi, liko katika upana wa kioo cha simu. Mshororo wa mizani 16 hauenei kwenye mstari mmoja, simu inaukata popote, na jicho linapoteza vina vya kati. Shairi la vina likisomeka kama nathari limekufa. Waambie wajukuu waandike ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) mstari wake na utao (nusu ya pili) mstari wake, au waliweke shairi katika picha yenye maandishi makubwa.

Lakini ningekuomba zaidi ulisome kwa sauti, kwa mahadhi yako. Sauti ya dakika moja haili bando kama video, inasikilizwa na mwenye mikono kazini, na inasafiri kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Jambo moja tu: taja jina lako na kwenu ndani ya sauti hiyohiyo, kama watunzi wa tenzi walivyojitaja katika beti zao za mwisho. Sauti ikishapita makundi matatu bila jina, haina mwenyewe.

Wala usidhani mitandao ni ya riwaya tu. Warsan Shire, aliyezaliwa Kenya mwaka 1988 kwa wazazi Wasomali na kukulia London, alijulikana mapema kwa mashairi aliyoyaweka Tumblr na Twitter. Mwaka 2016 maneno yake yakasikika katika Lemonade, albamu ya Beyoncé.

Nikitoa sura za riwaya bure mtandaoni, ni nani atakayenunua kitabu? (Nakuru)

Hofu yako naielewa, ila historia haikuungi mkono. Eric Shigongo aliwazoesha Watanzania kusubiri hadithi zake gazetini toleo baada ya toleo, na hadithi hizohizo zikatoka kuwa vitabu. Mmarekani Andy Weir aliiweka The Martian bure kwenye tovuti yake, sura kwa sura. Wasomaji ndio waliomwomba aiweke Amazon ili waisome kwa urahisi katika Kindle, akaiuza kwa senti 99 za dola. Mchapishaji mkubwa akaichukua, ikatoka upya mwaka 2014, na filamu mwaka 2015. Wasomaji wake walimsahihisha hata makosa ya kisayansi, naye akayarekebisha.

Hata hivyo usitoe kitabu chote. Toa sura tatu hadi tano za mwanzo, siku zilezile na saa ileile, ili watu wazoee kukusubiri. Ukiahidi Alhamisi saa mbili usiku, iwe Alhamisi saa mbili usiku. Nimeona hadithi nzuri zikifa kwa sababu mwandishi alipotea wiki tatu na kurudi na visingizio. Na usianze kutoa sura ya kwanza kabla hujamaliza kuandika ya mwisho, kwani presha ya wasomaji inaweza kukusukuma umalize riwaya vibaya.

Tahadhari moja. Kuna tuzo na wachapishaji wanaotaka mswada ambao haujatoka popote, na posti ya hadharani inaweza kuhesabiwa kuwa uchapishaji. Kama unalenga huko, soma masharti yao kabla hujabandika hata sura moja.

Kuna kijana ananiuzia wafuasi 10,000. Ninunue? (Dar es Salaam)

Hapana. Ni akaunti zisizo na watu, au watu wasiosoma Kiswahili. Mtandao ukiona maelfu hawagusi unachoandika, unaanza kukionyesha kwa wachache zaidi. Fedha hiyo chapia vialamisho vya vitabu vyenye namba yako ya simu, ugawe maktaba na mashuleni.

Nimekuta riwaya yangu imegeuzwa PDF na inazunguka kwenye kundi la watu mia nne. Nifanyeje? (Mombasa)

Pole sana. Maumivu yake nayajua, ni kama kukuta shamba limevunwa usiku. Kwanza piga skrinishoti: jina la kundi, namba ya aliyetuma, tarehe. Kisha mwandikie admini faraghani, kwa upole, ukijitambulisha kuwa ndiwe mwandishi na kueleza unavyoishi kwa kazi hiyo. Mara nyingi faili hufutwa, na wapo wanaoomba radhi na kununua. Wakikaidi, liripoti kundi kwenye programu yenyewe.

Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, hata kama hujasajili popote, lakini usajili hukupa ushahidi mkononi. Kenya ni KECOBO, Tanzania Bara COSOTA, Zanzibar COSOZA. Na mtumie mhariri au rafiki mswada wako ukiwa na jina lake katika kila ukurasa. Hilo halizuii wizi, ila mswada ukivuja utajua umetokea wapi.

Facebook imefungwa hapa Uganda tangu Januari 2021, na wasomaji wangu wengi walikuwa huko. Nijenge upya wapi? (Kampala)

Jambo lililokupata linaweza kumpata yeyote. X nayo ilizuiwa Tanzania mwezi Mei 2025, na waandishi waliokuwa wameweka kila kitu huko waliamka hawana pa kusemea. Ukurasa ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba si wewe wala si msomaji wako.

Kilicho chako ni orodha. Fungua daftari, la karatasi kabisa, uandike jina la kila mnunuzi, namba yake kwa ridhaa yake, mji wake, na kitabu alichonunua. Linakili daftari hilo mahali pengine pia. Mimi akaunti yangu iliibwa mwaka 2019 na sikuirudisha. Wafuasi wote walipotea, lakini nilikuwa na namba 340 daftarini, na kitabu cha tatu nilianza kukiuza kwa namba hizo.

Kwenye kila akaunti washa uthibitisho wa hatua mbili, leo. Na yeyote akikuomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, hata akiwa ni binamu yako, usimpe kamwe. Mpigie usikie sauti yake. Huenda aliyeibiwa akaunti ni yeye.

Mwalimu, ukurasa wangu umekua, watu wananisubiri kila siku. Lakini ni mwezi wa nne sijaandika ukurasa hata mmoja wa riwaya. (Arusha)

Swali lako ndilo lililonifanya niandike makala haya, dada. Nimepoteza waandishi wawili kwa njia hii. Wako hai, wana maelfu ya wafuasi, wanachekesha na kufundisha, na vitabu vyao vimeishia sura ya saba.

Posti inalipa papo hapo. Unaandika saa tatu, saa nne una sifa mia. Riwaya inakaa kimya miaka miwili, na moyo huelekea kunakosifiwa. Hilo si udhaifu wako peke yako. Mitandao imetengenezwa hivyo, ikurudishe tena na tena.

Fanya hivi. Riwaya ipate saa yako ya kwanza ya siku, kabla simu haijawashwa. Mimi huiacha simu chumba kingine, kwenye begi. Posti za wiki nzima ziandike Jumapili alasiri kwa kikao kimoja, uzipangie siku zake. Facebook na Instagram zina nafasi ya kupanga posti zitoke zenyewe. Maoni yajibu mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara, kisha ondoka. Na waambie wasomaji wako ukweli: “Naandika kitabu, nitaonekana kidogo hadi Juni.” Wanaokupenda watafurahi, na wengine wataanza kukuuliza kimefika wapi.

Anza kesho asubuhi na sura ya nane. Ukifika ya kumi nitumie, nitaisoma.